Ridi ya Mjomba

"Mama, saksafoni si ya shaba? Mbona mwalimu kaiweka kundi moja na filimbi na zumari, hakuiweka na tarumbeta?"

Nilimjibu huku nakoroga uji. Tarumbeta linalia kwa midomo ya mpulizaji, saksafoni inalia kwa ridi, kipande chembamba cha tete kinachotikisika kama kwenye zumari. Akaandika, akaenda zake. Mimi uji ukaniungulia.

Morogoro, mwaka 1983, nina miaka tisa. Jumamosi jioni Mjomba anajiandaa kwenda dansini. Bendi zetu zilizoea kujiita jazz, NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na wengi walifuata magitaa: solo, rithim, besi. Kwangu mimi wimbo ulikuwa haujaanza mpaka alto, saksafoni ya Mjomba, iingie.

Alipokwenda kuoga nikaichukua ridi yake, moja tu aliyobaki nayo. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse ridi. Nikailamba kama alivyozoea kuilamba yeye. Ikaniponyoka, ncha ikameguka sakafuni. Nikairudisha palepale, kimya.

Mjomba aliishika mbele ya kandili. Kwenye mwanga ridi ina kiini cheusi katikati, halafu inazidi kuwa nyembamba hadi ncha inayopitisha nuru kama kucha ya mtoto mchanga. Ncha ile ndiyo iliyopungua. Akatafuta sumni, ile yenye sungura, akaibana juu ya ridi, sehemu iliyomeguka ikachomoza kidogo mno. Akawasha kiberiti. Moto ukala tete kwa kufuata ukingo wa sarafu, chumba kikanuka majani makavu. Akapitisha msasa uliochakaa, mara tatu, mara nne, akapuliza vumbi, akailamba, akaifunga. Sauti ya kwanza ikapiga kelele kama kuku aliyekamatwa. Akafungua, akasugua tena. Ya pili ikatoka nzito kuliko nilivyoizoea, nikaisikia kifuani.

"Imekuwa ngumu," alisema. "Leo nitapuliza kwa tumbo."

Hakuniuliza kitu. Mpaka tunamzika sikuwahi kumwambia, na hilo bado linaniuma. Sijui kama alijua. Ila tangu jioni ile, kila alipokaa kutengeneza ridi, aliniita mimi nimshikie kandili.