Umeziosha au Umezifua? Miezi Mitano ya Dredi Changa Mwanza

Wiki ya sita baada ya kusokotwa dredi nilijikuta kazini, mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri risiti yake, nikijikuna kichwa kwa ncha ya kalamu. Mteja yule, mzee wa heshima zake, aliniangalia kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa, akapokea risiti, akaaga. Nilikuwa sijaosha nywele tangu siku niliyosokotwa. Si uvivu ulionizuia, bali agizo: msusi aliyenitengeneza, katika saluni moja ya hapa mjini, alikuwa amenionya kwamba maji yakigusa dredi kabla ya miezi miwili kutimia zitafumuka zote, na kazi yake ya saa tano itakuwa imepotea bure. Kisha akanipaka nta nzito iliyozifanya zing'ae kama viatu vya mwanafunzi wa bweni siku ya Jumatatu, akanipa kioo nijitazame, nami nikalipa nikiwa nimefurahi kabisa.

Kufikia wiki hiyo ya sita nta ile ilikuwa imenasa vumbi la barabarani, jasho la kofia ngumu za bodaboda zinazovaliwa na abiria wote wa siku nzima, na moshi wa kila jiko nililopita karibu nalo. Mba ulikuwa umeanza kuonekana kwenye mistari ya ngozi kati ya dredi na dredi. Jioni ile ile niliamua kwamba liwalo na liwe. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikainamisha kichwa kwenye beseni, nikafikicha dredi baina ya viganja kama mtu anayepambana na kola ya shati jeupe, nikazikamua kwa kuzinyonga, na kwa kuwa ilikuwa imeshafika saa tatu usiku, nikazifunga kitambaa zikiwa mbichi nikalala. Asubuhi dredi nyingi za mbele zilikuwa zimefumuka hadi katikati, za nyuma zilikuwa zimeshikana mbili mbili, na kichwa kizima kilinuka uvundo kama taulo lililosahauliwa ndani ya mkoba.

Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja wa makamo mwenye kibanda cha ususi upande wa Nyakato, ambaye dredi zake mwenyewe zinamfika kiunoni. Alizishika zangu chache, akazinusa bila kuona haya, akauliza: "Mdogo wangu, hizi umeziosha au umezifua?" Nilicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Kiswahili kimegawa kazi za maji kwa uangalifu: mikono tunanawa, mwili tunaoga, nguo tunafua, nywele tunaosha, na kila kitenzi kina mwendo wake wa mkono. Mimi nilikuwa nimepeleka mkono wa kufulia mahali pa kuoshea. "Tena," akaongeza, "nywele chafu hazishikani, dada. Nani alikwambia zinashikana?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha namna yangu ya kuzifikiria dredi, kwa sababu nilikuwa nimeamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba dredi ni matunda ya kutoosha. Ukweli ni kinyume chake, na sababu yake si ngumu kuielewa. Nywele za kipilipili hujikunja zenyewe, na dredi hujengeka kwa sababu kila unywele, katika kujikunja kwake, hunasa kwa mwenzake. Ukizijaza mafuta na nta unazifanya ziteleze, nazo haziwezi kunasana, zinalala tu pamoja zikiwa zimegandishwa. Ukiziosha zikawa safi, maji huzirudisha kwenye mkunjo wao wa asili, zinanywea, na katika kunywea huko ndiko zinakojifunga. Isitoshe, binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila kuugua chochote. Mtu anayechana huziona kwenye chanuo. Mwenye dredi haoni kitu, maana zile zilizong'oka hubaki ndani ya dredi na kuwa sehemu ya unene wake. Ngozi ya kichwa, kwa upande wake, haijui kama umesokota au hujasokota: inaendelea kutoa mafuta na kubambuka seli zilizokufa kila siku, na ikiachwa miezi miwili bila maji ndipo mba na muwasho vinapopata makao.

Hii haimaanishi kwamba uoshe kesho yake. Dredi zilizoanzishwa kwa kusokotwa kwa chanuo au kwa vidole ni mkunjo mtupu ambao bado haujajifunga, hivyo huhitaji kama wiki mbili hadi nne kabla ya kuoshwa mara ya kwanza. Zilizoanzishwa kwa kroshia, yaani kwa ile sindano yenye kidoano inayovuta nywele kuziingiza ndani, huwa zimeshikana tangu mwanzo na zinaweza kuoshwa mapema zaidi. Kuzifanya zikomae kabisa ni jambo la miezi sita kwa wenye bahati na hadi mwaka mmoja na nusu kwa wengine, na katikati ya safari hiyo kuna kipindi kirefu cha nywele timutimu ambacho hakuna dawa ya saluni inayokiondoa. Mimi niko hapo sasa hivi.

Basi nieleze ninavyoosha, kama nilivyofundishwa na kama nilivyorekebisha mwenyewe. Naanza kwa kuzikusanya dredi katika mafungu manne au matano, kila fungu nikalizungushia mpira laini karibu na ncha, ili zisisukumane na kuungana. Kisha navaa kichwani stokingi ya nailoni iliyokatwa mguu mmoja na kufungwa juu, na kwa miezi mitatu ya kwanza tangu nifundishwe sikuosha hata mara moja bila stokingi hiyo. Shampuu siimwagi kichwani ikiwa nzito. Naichanganya na maji, kipimo kimoja cha shampuu kwa vinne vya maji, katika chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ambayo kifuniko chake nimekitoboa matundu kwa pini iliyopashwa moto. Chupa hiyo ndiyo chombo changu cha thamani kuliko vyote, maana inafikisha povu kwenye mistari ya ngozi moja kwa moja, bila kulazimika kuzungusha mikono juu ya nywele. Hapo napiga ngozi kwa nyama ya ncha za vidole, si kwa kucha, kwa mwendo mdogo wa kubonyeza na kuachia. Dredi zenyewe sizifikichi, kwa sababu povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuzisafisha, nami kazi yangu ni kuziminya tu kutoka juu kwenda chini kama mtu anayekamua sifongo. Kunyonga ni marufuku.

Kusuuza ndiko kunakochukua muda. Shampuu iliyobaki ndani ya dredi changa hukauka ikawa ungaunga mweupe ambao baadaye utaudhania kuwa mba, na kadiri dredi inavyokomaa ndivyo inavyokuwa vigumu kuutoa. Nasuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha nasuuza tena mara moja kwa kutoamini macho yangu. Mara moja moja, si kila safari, naongeza maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki ya tufaha kwa nusu lita, nikayaacha dakika mbili na kuyatoa. Kuhusu sabuni ya mche nimekoma. Kipimo chake cha pH, yaani cha asidi na alkali, kiko kati ya 9 na 10, ilhali ngozi ya kichwa huwa karibu na 5, ndiyo maana nywele hukwaruza baada ya kuitumia. Kuna jirani aliyenishauri magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Nilimshukuru, nikayapeleka jikoni.

Mtu wa Mwanza hawezi kuzungumzia kuosha bila kuzungumzia maji yenyewe. Ninaishi Kitangiri, nyumba ya juu, kati ya mawe, ambako maji ya bomba hupanda yanapotaka. Siku yakikatika nakadiria ndoo tatu za lita 20, moja ya kulowesha na kuosha, mbili za kusuuza, na zikipungua naahirisha, kwa kuwa ni afadhali kutoosha kuliko kuosha nusu na kusuuza robo. Maji ya ziwa ni laini na hutoa povu upesi. Baadhi ya visima vina maji magumu ambayo sabuni ikikutana nayo huacha utando, na utando huo ndani ya dredi ni mgeni asiyeaga. Ukiwa huna budi kutumia kisima, suuzo la mwisho lifanye kwa maji ya mvua au ya bomba uliyoyahifadhi.

Kuna waliouliza kwa nini tusishuke tu mwaloni tukaosha ziwani bure, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Nami nililifikiria hilo. Lakini maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono, yana viluwiluwi vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi huku umesimama umefurahi, bila hata kumeza tone. Maji yaliyochotwa bila konokono na kuwekwa kwenye chombo kwa siku mbili huwa salama kwa upande huo, kwa kuwa viluwiluwi hivyo haviishi muda mrefu vikikosa mwili wa kuingia. Ila mchanga mwembamba na mwani wa kijani havijali siku mbili, na kimoja kikiingia katikati ya dredi changa hakitoki mpaka utakapozikata.

Jambo ambalo watu hulidharau, nami nililidharau kwa gharama kubwa, ni kukausha. Naweza kusema kwamba kukausha ndiyo nusu ya kuosha, tena nusu kubwa. Dredi hunywa maji kama godoro: nje utaigusa ni kavu, ndani bado ni mbichi, na unyevu ukikaa humo usiku mzima chini ya kilemba ndipo ule uvundo unapozaliwa. Kwa hiyo siku hizi naosha Jumamosi saa mbili asubuhi, si jioni hata kama jasho linanidai. Nikishaziminya, nazifunika kwa fulana ya pamba, moja ya zile za mitumba nilizochagua soko la Mlango Mmoja, kwa kuwa taulo huacha vinyuzi vinavyojisokota pamoja na nywele na kuonekana kama chawa kwa anayekaa nyuma yako kwenye daladala. Baada ya hapo nakaa kibarazani, nimezitandaza, na mchana upepo wa ziwa ukianza kupanda mlimani unazimaliza. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, kazi hiyo huisha kabla ya saa tisa. Wakati wa masika nakodolea mawingu macho kama mkulima, na mvua ikiniwahi naazima drayer ya jirani, nikaiweka kwenye joto la chini.

Kuhusu mafuta sina mengi: matone machache ya mafuta ya nazi kwenye ngozi, mara mbili kwa wiki, yanatosha, na nta na mafuta ya mgando yasiingie nyumbani. Kulala, ni boneti ya satini. Ritachi, kama wanavyoiita saluni, yaani kusokota upya yale mashina yaliyoota, nafanya kila wiki tano hivi. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, kwa hiyo anayesokotwa kila wiki analipia kuvutwa ngozi. Na hapa naomba wasusi wanisamehe: ritachi inayokufanya ushindwe kufumba macho vizuri si ritachi nzuri. Vipele vidogo kwenye mashina na nywele kung'oka pembeni mwa paji la uso ni dalili ya kukaza kupita kiasi, na ukiendelea hivyo kwa muda mrefu, sehemu ile huacha kuotesha kabisa.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Sengerema kumsalimu mama, kwa kivuko cha Kamanga. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, na katikati ya maji tuliliona lile wingu jeusi la wadudu wa ziwani likipanda kama moshi wa nyasi zinazoungua. Abiria wenye mitandio walijifunika. Mimi nilikuwa nimeziachia dredi zipigwe upepo, na wingu lilipotupitia nilihisi zikijaa kama chandarua. Nilifika nyumbani nikiwa nimebeba mamia ya wadudu waliokufa, kila mmoja amenasa mahali pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Samsoni," alijibu, jina alilonipa tangu siku aliyoziona, na lenye lawama ndani yake. Kisha akanikaribia, akatazama, akasonya. Alivuta kigoda, akaniketisha chini, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa kucha, kimya, kama anayechambua mchele, kwa karibu saa nzima. Walipobaki wale wasioshikika nilitoa mkobani chupa yangu yenye kifuniko cha matundu, nikamweleza namna ya kuipitisha kwenye mistari. Aliosha yeye. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na hakufikicha hata dredi moja.

Niliporudi Mwanza Jumapili jioni chupa hiyo haikuwemo mkobani. Nilipompigia simu, alisema ameiweka yeye, kwa kuwa huku nyuma ameona inafaa sana kwa nywele zake pia, na kwamba mimi kijana nitatoboa nyingine.