Siku tatu mjini na mashoga zangu

Nimerudi jana usiku, miguu imevimba kama mito, na sijutii hata kidogo.

Siku zangu za kawaida hazina makuu. Naamka kabla ya jua, nameza kidonge cha presha, namwagilia maua, halafu nasubiri simu ya saa nne. Shoga yangu mmoja hupiga kila siku saa hiyo hiyo, hata kama hana la kusema. Akichelewa dakika kumi, roho inaanza kunidunda.

Basi ndiye aliyesema, "Twendeni mjini, watatu tu, bila wajukuu." Wanangu walinuna kidogo. Nani atabaki na watoto? Nikawaambia watajua wenyewe.

Mjini tulitembea polepole, tukikaa kila tulipoona benchi. Mmoja wetu ana magoti mabovu, mwingine hasikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo lazima utembee kuliani kwake. Usiku wa kwanza mgahawani tukagundua miwani ya kusomea imeletwa jozi moja tu. Ikazungushwa mezani kama kibuyu, kila mtu akisoma na kuagiza, huku mhudumu amesimama na kalamu yake akijikaza asicheke. Sisi tulishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka ikabidi nikimbilie msalani, na kwa umri huu hilo si jambo la mzaha!

Leo saa nne simu imelia. Anauliza soksi zake za bluu ziko kwenye begi la nani. Nimezivaa.