Pumzi ilivyonirudia baada ya nimonia

Nimonia iliisha, pumzi ikabaki fupi. Ngazi za ghorofa yetu zilinishinda, makohozi yamekwama kifuani. Mafuta ya karafuu ya nyanya yangu yalinukia vizuri, basi. Mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, alianza na kutoa hewa: ivute kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyobinywa, kama unapuliza chai. Makohozi hayalazimishwi kwa kikohozi kikali. Pumua kwa kina mara tatu, kisha hema "haa" mdomo wazi, yatapanda. Ngazini, toa pumzi unapoinua mguu. Nikaongeza kuinuka kitini bila kujishika, na matembezi kwenye barabara ya Mama Ngina alfajiri, kabla joto halijakolea. Maneno yakikatika, napunguza mwendo. Sasa napanda na kikapu cha soko la Marikiti.