Siku Mjomba Alipokuwa Bombay

Mwezi Agosti mwaka 2012, mjomba wangu, mvuvi mstaafu wa Kirumba, hapa Mwanza, alipanda kilima cha Isamilo akiwa amevaa kanzu ya kuazima na kilemba ambacho mkewe alikuwa amekifunga na kukifungua mara tatu kabla ya kuridhika nacho. Nyuma yake nilifuata mimi, nimeshika karatasi nne za maneno niliyoyatunga kwa wiki mbili, na nyuma yangu walikuja mwongozaji wa filamu, mpiga picha, na kijana wa sauti aliyekuwa akihema kuliko mjomba. Siku hiyo, mbele ya kamera, mjomba alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa kiongozi na mkalimani katika misafara ya Wazungu wa karne ya kumi na tisa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha historia katika sekondari moja ya hapa Mwanza, na mwongozaji, mama mmoja kutoka Dar es Salaam, alinitafuta ili nimsaidie katika utafiti. Alitaka filamu ambayo nusu yake ni makala na nusu ni ya kubuni, na mtazamaji asionyeshwe mpaka wa nusu hizo ulipo. Mjomba angemwigiza Bombay, kisha, akiwa katika kanzu ileile, angeulizwa habari za maisha yake mwenyewe ziwani. Minara ya simu na matangi meusi ya maji juu ya mapaa ya Isamilo hayakufichwa. Mimi, nikiri, niliuona huo kuwa uvivu tu uliopewa jina zuri.

Habari za Bombay nilizijua vizuri. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi, na huko akapata uhuru baada ya bwana wake kufariki. Aliporudi upande huu aliingia katika msafara wa Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, baadaye ule wa Speke na Grant, halafu wa Stanley, na mwishowe wa Cameron, aliyelivuka bara zima hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1858, Burton akiwa mgonjwa Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, Speke aliondoka na Bombay tarehe 9 Julai kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti wakasimama juu ya mwinuko wa Mwanza wakalitazama ziwa, hili la Victoria. Speke akashikilia kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile, ingawa kutoka vilima hivi huoni ila ghuba na visiwa. Maji yenyewe makubwa yamejificha nyuma. Alipatia, lakini Burton hakuwa na kosa kumtaka ushahidi.

Speke aliandika mengi. Bombay hakuacha hata ukurasa mmoja wa mkono wake. Pengo hilo ndilo nililojipa kazi ya kuliziba kwa karatasi zangu nne, zenye methali, vina vya hapa na pale, na sentensi moja kuhusu minyororo na mawimbi ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya.

Mwongozaji alizisoma akiwa ameegemea jiwe, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, haya anamwambia nani?"

Nikasema anamwambia Speke.

"Kwa lugha gani?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe ndilo lililonimaliza. Speke alikuwa afisa wa jeshi la India, na yeye na Bombay walielewana kwa Kihindustani. Neno la mwenyeji wa hapa lilipaswa kufika kwanza kwa Bombay, litoke kwake kwa Kihindustani, ndipo Speke aliandike kwa Kiingereza. Kiswahili changu cha mashairi hakikuwa na mtu wa kukisikia pale juu. Mchana huohuo tulimwendea mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, akamfundisha mjomba sentensi tano fupi: njia iko huku, wapagazi wamechoka, na nyingine za namna hiyo. Mjomba alizikariri akihesabu kwa vidole, kama anayetumwa sokoni.

Tuliporudi kilimani jua lilikuwa limeanza kulegea. Kabla ya kuigiza, mwongozaji alimsimulia kwamba katika safari ya pili Speke alimpiga Bombay ngumi akamng'oa meno ya mbele, jambo ambalo Stanley aliliandika. Mjomba alinyamaza kidogo.

"Na ujira wake alimlipa?"

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusimulia habari za tajiri wake wa zamani, mwenye mtumbwi, aliyemkata mapato ya miezi miwili kwa sababu ya nyavu zilizoibwa usiku, na jinsi alivyorudi kumfanyia kazi msimu uliofuata kwa kuwa watoto walikuwa wanataka kula. Aliyasema hayo akiwa na kilemba kichwani, anaangalia chini. Kamera ilikuwa inazunguka, na mimi nilizikunja karatasi zangu nikazitia mfukoni.

Ilibaki sehemu moja. Speke ameandika kwamba alipouliza ukubwa wa ziwa, mwenyeji mmoja aliyesafiri sana aligeukia kaskazini, akawa anatikisa kichwa, anarusha mkono wa kulia mbele na kualisha vidole tena na tena, kisha akasema hakuna ajuaye, ila yeye anadhani linafika mwisho wa dunia. Maneno yake yalipita vinywani mwa watu kadhaa kabla ya kufika kitabuni, lakini mkono ule haukuhitaji mkalimani. Mwongozaji alimwomba mjomba aufanye.

"Siwezi," mjomba akasema. "Huyo alikuwa hajui. Mimi najua."

"Basi onyesha unavyojua, baba."

Mjomba alisimama, akaipa kamera mgongo na kugeukia kaskazini. Akarusha mkono, akaalisha vidole mara moja: "Ukerewe." Akarusha tena: "Ukara." Kila kisiwa alichowahi kulala akivua dagaa kwa taa za karabai alikipa mlio wake, na baina ya mlio na mlio alikaa kimya, nadhani akikumbuka mwendo wenyewe. Watoto waliokuwa wamekaa juu ya mawe wakitutazama wakaanza kumfuatiza kwa vidole vyao, kijana wa sauti akawapungia mkono wanyamaze, mwongozaji akamzuia. Alipofika Goziba mjomba aliteremsha mkono, akauliza kama kuna chai iliyobaki kwenye chupa.