Usingizi uliisha, kulegea kukabaki

Zamu ya wiki iliyopita bado haijanitoka. Mzee wa figo, kilo 60 hivi, amekosa kusafishwa damu mara mbili mfululizo, kaletwa alfajiri anahema kwa mabega, oksijeni haipandi, presha 85 kwa 50. Hapo hakuna mjadala, ni mrija wa kupumulia.

Mkono wangu ukaenda kwenye friji kuchukua suksa, dawa ya kulegeza misuli ili mrija upite. Mazoea tu. Inalegeza ndani ya dakika moja, na zikifika kumi mgonjwa kesharudisha pumzi zake.

"Dokta, figo," sista akasema, hata macho hakuinua kwenye dripu.

Suksa hupandisha potasiamu. Kwa mwenye afya si kitu, ila kwa huyu mawimbi ya T kwenye karatasi ya moyo yalikuwa yameshachongoka kama ncha za mikuki, dalili kwamba potasiamu imeshamjaa. Ningeusimamisha ule moyo mwenyewe.

Tukamchoma kalsiamu ya kuulinda moyo, nikavuta rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza, miligramu 70, chupa moja na karibu nusu. Ketamini, ya usingizi, nikampa 60, nusu ya ile niliyoizoea, maana presha ilikuwa chini. Propofoli, ya usingizi pia lakini inayoshusha presha, sikuigusa kabisa. Presha ikianguka, dawa ya usingizi unaipunguza, ya kulegeza huipunguzi. Mrija ukaingia mara ya kwanza. Sista akaufunga, na baada ya robo saa hivi akawa analalamikia chenji yake ya mia tano iliyobaki kwa mama wa vitumbua, tukacheka.

Nilipokosea ni hapo. Ketamini kiasi kile inamlaza mtu dakika kumi, kumi na tano. Rokuroniamu hukaa saa nzima, figo zikiwa mbovu hata zaidi. Na dripu ya usingizi nilikuwa sijaiandika. Suksa ingenishtaki mapema: mgonjwa angekohoa, angevuta mkono. Huyu alilala kimya, mzuri wa kutazama. Dakika ya ishirini mapigo yakafika 140, presha nayo juu, nami nikaanza kukagua mashine. Kisha nikaona chozi likitoka jicho la kushoto, likiteremka hadi sikioni.

Mwenzangu alinifariji baadaye kwamba ketamini yenyewe huliza macho. Ni kweli, huliza. Ila nilipompa midazolamu ya usingizi na fentanili ya maumivu, mapigo yalishuka.

Siku ya nne mrija ukatolewa. Nikapita kumjulia hali, sauti imemkauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yule binti," akaniuliza, "alipewa chenji yake?"