Siku moja na mashine ya kuchonga funguo, soko la Kenya

Saa 1 asubuhi. Nafungua meza yangu kando ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo. Mashine yangu ni ndogo: huku nabana ufunguo wa mteja, huku ule mtupu usio na meno. Kidole cha chuma kinatambaa juu ya meno ya ule wa kwanza, gurudumu la kukatia linafuata mwendo uleule kwenye wa pili. Naupenda sana mlio ule.

Saa 3. Mwashi ananiwekea mwiko wake mezani. "Fundi, nitolee mwingine kama huu." Tunacheka, lakini wazo linanoga. Mashine ingekubali kila kitu, mama anayetwanga sombe, yaani kisamvu, angeleta mchi, na jirani aliyeazima nyundo angerudisha nakala abaki na yenyewe!

Saa 5. Kijana wa chuo kikuu ananionyesha kwenye simu mashine zinazojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2014 wanaanga walijitengenezea spana ya plastiki hukohuko angani, mchoro wake ukitumwa kutoka duniani. Na huko Uingereza, Adrian Bowyer alianzisha mwaka 2005 mradi wa mashine inayojitengenezea vipande vyake vingi yenyewe.

"Kwa hiyo Papa, ukinunua moja, zinazaana."

"Na deni la kuinunulia, nalo litazaa?" anauliza mwashi, ambaye bado hajaondoka.

Lakini msumari hauogopi nyundo ya plastiki. Nyundo ni chuma kilichochomwa kikapozwa kwa ustadi mpaka uso wake ukawa mgumu, na ugumu huo hauonekani kwenye mchoro.

Saa 7. Umeme umekatika. Nakula bukari, yaani ugali, kisha tupa mkononi.

Saa 9. Mama mmoja analalamika kwamba ufunguo mpya unakwama kwenye kadena, yaani kufuli. Natazama: aliouleta kuchongewa ulikuwa nakala ya nakala. Mashine haijui kosa ni lipi na jino ni lipi; inachukua yote, hata kulika kwa miaka. Ni kama habari iliyopita midomoni mwa watu kumi. "Mama, kesho niletee ule uliotoka na kadena dukani." Anayeniletea alama ya ufunguo kwenye sabuni, huyo namrudisha alikotoka, hata alipe dola ngapi.

Saa 11. Nahesabu funguo tupu zilizobaki, na hapa ndipo roho inaniuma. Ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyoyeyushwa na zinki. Shaba tunaikanyaga. Zinki iko Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, kwenye mgodi uliosimama mwaka 1993 ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Halafu funguo tupu zinatufikia kwa meli! Kitu chenyewe hakitaki maajabu: bamba la shaba ya manjano na presi ya kukatia umbo. Tumekubaliana na fundi wa mbabula, majiko ya makaa, hapa jirani; Jumatatu tunakwenda kuuliza bei ya presi.