Jinsi nilivyosasisha mita za stima za ploti nzima bila kumlipa fundi

Mimi ni msimamizi wa ploti huku Pipeline, Nairobi, na najivunia kwamba hakuna mpangaji wangu aliyelala gizani ile Novemba 2024. Fundi mmoja alipita milangoni akidai mita zimeharibika, alipwe kama mia tano kila nyumba azitengeneze. Uongo mtupu! Mita zilikuwa nzima.

Shida ilikuwa tarehe. Kila tokeni, yaani nambari unayonunua na kuibonyeza ili mita ikupe stima, hubeba wakati ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu 1993, na nafasi ya kuweka hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Afrika Kusini nao walikuwa mbioni na shughuli hiyohiyo. Mita ambayo haijasasishwa ingekataa tokeni mpya, nawe ubaki na stima iliyomo hadi iishe. Dawa yake ni nambari mbili za tarakimu 20 kila moja, ambazo kampuni ya stima, Kenya Power, ilituma bure pamoja na tokeni uliyonunua. Hizo huifanya mita ianze kuhesabu kutoka 2014.

Nambari hizo ni za mita moja tu. Kuna majirani walioazimana, mita ikazitema. Na kama una tokeni ya zamani hujaiingiza, itangulize, kwa sababu ukishasasisha haikubaliki tena.

Kazi ilikuwa kwa shosho wa ghorofa ya tatu. Mita iko chini ndani ya sanduku, kidude cha kubonyezea kiko kwake, na viwili hivyo huwasiliana kupitia nyaya zilezile za stima. Kila tukibonyeza, hakuna mawasiliano.

"Kijana wangu, si tumwite tu yule fundi?"

"Shosho, ngoja kidogo."

Nikachomoa televisheni, friji na chaja zote, maana chaja za bei rahisi huvuruga mawasiliano ndani ya nyaya. Nikabadilisha betri za kidude, nikakichomeka kwenye soketi iliyo karibu kabisa na swichi kubwa. Nambari ya kwanza ikakubali! Ya pili ikakubali! Tokeni ikafuata, yuniti zikapanda, na shosho akanipakulia githeri papo hapo.

Ukihamia nyumba iliyofungwa tangu kabla ya tarehe ile, nunua kwanza tokeni ya pesa kidogo, usome ujumbe wote. Ukiona nambari tatu, zile mbili za kusasisha ndizo hutangulia, kwa mpangilio uleule zilivyotumwa.